Mla magamba, mla mwani au burtoni: uchague samaki yupi wa Ziwa Tanganyika kusomea taya na jeni zake?

Ukila kichwa cha kuhe pale Kibirizi, Kigoma, usikimbilie kutupa mabaki. Chokonoa kooni, nyuma ya matamvua, utatoa kifupa cha pembetatu kilichojaa meno upande mmoja. Hilo ni taya la pili. Samaki wa jamii ya sikilidi, kuanzia kuhe na sato hadi wale wadogo wa rangi wanaozunguka mawe ya Bangwe, wana mataya seti mbili: ya mdomoni ya kukamatia, na ya kooni ya kusagia. Mwaka 1973 mwanabiolojia Karel Liem alieleza kwa nini jambo hili si dogo. Koo likishachukua kazi ya kusaga, mdomo unabaki huru kubadilika, ukawa koleo, kibano, sepetu au mrija. Ziwa letu lina spishi za sikilidi zipatazo 240, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Ni kama duka la vifaa vya ufundi, ila vifaa vyenyewe ni midomo.

Kila inapokaribia likizo ndefu ya vyuo napigiwa simu na vijana wa biolojia waliorudi Kigoma mapumziko au waliokuja kwa mafunzo kwa vitendo. Swali ni lile lile: "Kaka, nataka kufanya tasnifu ya taya na jeni, nichukue samaki yupi?" Huwa wamekwama kati ya watatu, na wana haki ya kukwama, maana kila mmoja ana kitu ambacho wenzake hawana. Wa kwanza ni Perissodus microlepis, anayekula magamba ya samaki wenzake. Wa pili ni Tropheus, mla mwani wa kwenye mawe. Wa tatu ni Astatotilapia burtoni, ambaye hapa nitamwita burtoni tu, samaki wa maji ya kina kifupi na midomo ya mito, asiye na makuu.

Jeni inawaka maana yake nini

Kabla ya kulinganisha tuelewane jambo moja, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea na kurudi mikono mitupu.

Seli ya taya na seli ya ini zina jeni zile zile. Tofauti ni zipi zimewashwa, wapi, lini, na kwa nguvu kiasi gani. Wanasayansi huita usemi wa jeni. Mimi nitasema jeni inawaka, kama taa. Katika kiinitete cha samaki, seli zinazotoka ukingoni mwa mfereji wa neva husafiri hadi kwenye matao ya koromeo, na tao la kwanza ndilo linalozaa taya la juu na la chini. Jeni iitwayo edn1 hutuma ishara kwa sehemu ya chini ya tao hilo iwe taya la chini. Kwa samaki mdogo wa maabara anayeitwa zebrafish, edn1 ikiharibika taya la chini huharibika nayo vibaya.

Halafu kuna bmp4. Mwaka 2005 Craig Albertson na wenzake walilinganisha sikilidi wawili wa Ziwa Malawi (sisi Tanzania huliita Nyasa): mmoja ana taya fupi la nguvu la kukwangulia mawe, mwingine ana taya jepesi la kufyonza. Bmp4 iliwaka zaidi kwenye taya la yule mwenye nguvu. Walipoizidisha kwenye kiinitete cha zebrafish, taya la chini nalo likabadilika umbo. Jeni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imeonekana mwaka uliotangulia ikihusika na unene wa midomo ya ndege finchi wa visiwa vya Galápagos. Samaki na ndege, kitufe kimoja.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo linaloamua uchaguzi wako. Kuna maswali mawili yanayofanana kama mapacha, na si moja. La kwanza: ni jeni zipi *zinajenga* tofauti za mataya kabla samaki hajaonja chakula? Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, walichukua vifaranga vya sikilidi wala majani na wala nyama kutoka maziwa ya Tanganyika, Malawi na Victoria, wakapima jeni za mataya yao kabla hawajaanza kujilisha. Tofauti zilikuwapo tayari. La pili: ni jeni zipi *zinaitikia* chakula? Mwaka 2013 ilichapishwa kazi juu ya Astatoreochromis alluaudi, mvunja konokono wa Ziwa Victoria. Kundi moja lililishwa konokono wazima, jingine konokono waliosagwa. Lishe ile ile, ugumu tofauti. Taya la kooni likatofautiana kwa umbo na kwa jeni zilizowaka.

Mimi mara yangu ya kwanza sikujua kutofautisha. Nilikusanya samaki wakubwa wazuri, nikakata mataya yao, nikapima, nikajisifu kwamba nimeona jeni za mageuzi ya taya. Msimamizi alisoma kurasa mbili akauliza: "Hawa walikuwa wamekula nini wiki hiyo?" Sikuwa na jibu. Taya la mtu mzima linakuonyesha matunzo na mazoezi ya mfupa, na ujenzi wake ulishapita zamani.

Vigezo

Nitawapima wote watatu kwa mambo matano: taya lenyewe lina swali gani ndani yake, utampataje hapa Kigoma, unaweza kupata vifaranga ambao umri wao unaujua, jeni zake zimekwisha kusomwa kiasi gani, na nini kitakuharibia kazi.

Taya lenyewe

Mla magamba ana taya la ajabu kuliko yote, sitaki kuficha mapenzi yangu. Mdomo wake umepinda upande. Wengine umepinda kulia, wengine kushoto. Aliyepinda kulia humjia mwenzake kwa nyuma na kumnyofoa magamba ya ubavu wa kushoto. Aliyepinda kushoto hufanya kinyume. Mjapani Michio Hori aliandika mwaka 1993 kwamba idadi za kulia na kushoto hupanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu. Sababu yake inaeleweka hata kijiweni: wa kulia wakizidi, samaki wanaoliwa hujifunza kulinda ubavu wa kushoto, basi wa kushoto wanashiba na kuzaana, mpaka mzani unageuka.

Kwa mtafiti wa jeni kuna zawadi nyingine humo. Samaki mmoja anakupa nusu mbili za taya zisizolingana: jeni zile zile, maji yale yale, chakula kile kile, siku ile ile. Ukipima kushoto dhidi ya kulia ndani ya samaki mmoja, mambo mengi yanayovuruga vipimo yanajifuta yenyewe.

Tropheus ana mdomo mpana unaotazama chini, na meno madogo yenye ncha mbili yaliyopangwa mstarini kwa ajili ya kung'oa nyuzi za mwani. Kitu kizuri ni kwamba ana jirani wa kumlinganisha naye kwenye jiwe lilo hilo: Petrochromis, anayekula mwani pia lakini kwa meno ya ncha tatu yanayofanya kazi kama kitana. Chakula karibu kimoja, jiwe moja, vifaa viwili tofauti. Swali lake basi si "nyama au majani". Ni la ndani zaidi: njia mbili za kuchuma kitu kimoja zinajengwaje?

Burtoni hana cha kuonyesha. Hula hiki na kile, na taya lake ni la kawaida. Vijana humdharau kwa hilo, wanakosea. Kila tofauti inahitaji kitu cha kupimia, na taya ambalo halijabobea ndilo rula. Ukimweka karibu na Tropheus, ambaye ni wa ukoo mmoja mpana naye, unaona kilichoongezwa na kilichopunguzwa.

Kumpata Kigoma

Tropheus ndiye rahisi kumwona. Vaa miwani ya kuzamia, ingia majini penye mawe, utawakuta wakigombana kwenye kina cha mtu kusimama. Kuwaona na kuwakamata ni vitu viwili, wanajificha nyufani kama mijusi, hivyo utahitaji mzamiaji mwenye wavu wa kuzuia. Wapo mjini waliojifunza kazi hiyo kwenye biashara ya samaki wa mapambo. Tropheus duboisi, yule ambaye vifaranga vyake ni vyeusi vyenye madoadoa meupe, yuko pande zetu lakini hukaa chini zaidi.

Mla magamba naye ni wa mawe, ila hakai mahali pamoja akasubiri. Anazurura akiwinda. Utampata mmojammoja, na kupata idadi ya kutosha kwa takwimu kunachukua siku. Mzee mmoja wa mwalo wa Katonga nilimwamkia na kumwonyesha picha akacheka: "Huyo mwizi? Mwanangu, huyo hana nyama, tunamrudisha. Lakini ukitaka, utamlipa mtoto wangu kwa siku, si kwa samaki." Nilielewa maana yake baada ya siku nne.

Burtoni yuko kwenye maji ya taratibu, kina kifupi, penye matete, karibu na mito inapoingia ziwani. Hahitaji mzamiaji. Jina lake lina Ujiji ndani yake, kwa namna: alipewa mwaka 1894 kwa heshima ya mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji na mwenzake Speke mwaka 1858.

Kwa wote watatu, pitia TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Kigoma na ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya kutia wavu majini, na usiguse maji ya hifadhi za Gombe na Mahale bila kibali chake. Angalia pia kalenda. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi 3, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na aliyekuwa amepanga kukusanya Juni alibaki anatazama mitumbwi iliyoanikwa.

Vifaranga na hesabu ya siku

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo tasnifu zinapokufa.

Ukiwa na swali la ujenzi, samaki yeyote tu hatoshi. Unahitaji samaki wa *siku fulani*. Bmp4 inayowaka kwa nguvu leo kwenye taya changa inaweza kupoa baada ya siku chache, na ukichelewa unapima majivu. Bahati yetu ni kwamba samaki hawa huatamia mayai mdomoni. Ukijua siku mama alipochukua mayai, unaijua siku ya kila kifaranga.

Kwa burtoni mambo ni mepesi kama kuhesabu wiki mbili. Jike huchukua mayai mdomoni, haendelei kula, na baada ya takriban siku 14 anawaachia. Anazaa vizuri kwenye tanki, vifaranga ni wengi kiasi cha kugawa kwa umri mbalimbali, na baada ya miezi michache hao hao wanazaa tena. Ukikosea siku, unarudia mwezi ujao.

Tropheus anaatamia karibu wiki 4, na mayai yake ni makubwa mno kwa samaki wa saizi yake lakini machache, mara nyingi kati ya 5 na 15. Hesabu mwenyewe: ukitaka umri wa aina nne na vifaranga kadhaa kila umri, jike mmoja hatoshi. Na vifaranga vya mama mmoja ni ndugu. Ukiwahesabu kama watu kumi wasiohusiana, mtahini atakukata.

Kuna mtego mwingine kwa Tropheus ambao naupenda kwa uzuri wake japo ulinigharimu. Mwaka 1990 Yanagisawa na Sato walieleza kwamba majike wa Tropheus wanaoatamia huendelea kuchuma mwani, na chakula hicho kinawafikia watoto walio mdomoni. Yaani mtoto anakula akiwa bado ndani ya mdomo wa mama! Basi "kabla ya kula" kwa Tropheus si sawa na "kabla ya kuachiwa". Chukua vifaranga mapema, kiini cha yai kikiwa bado kikubwa, au jibu lako la ujenzi litakuwa limechanganyika na lishe bila wewe kujua.

Mla magamba huatamia mwanzoni, kisha baba na mama hulinda kundi la vifaranga linaloelea nje. Kuona wazazi wawili wakilinda kundi ni jambo zuri la kutazama, lakini kuzalisha kwenye tanki kunahitaji jozi iliyokubaliana, nafasi na uvumilivu. Na vifaranga hawaanzi na magamba. Hula viduduvidudu vya majini kwanza, na kupinda kwa mdomo utotoni ni kudogo kiasi kwamba kipimo chako kikiwa na makosa kidogo tu, umeona kulia pasipo na kulia.

Jambo la mwisho hapa: usilinganishe siku kwa siku. Siku ya 10 ya burtoni na siku ya 10 ya Tropheus si umri mmoja, mmoja anakaribia kutoka na mwingine hajafika nusu. Linganisha hatua: macho yamepata rangi, mdomo umefunguka, gegedu la taya limeonekana kwa rangi ya alcian blue, mfupa umeanza kushika alizarin nyekundu, kiini kimekwisha. Nimesoma kazi zilizotangaza tofauti kubwa ya jeni baina ya spishi mbili, kumbe mmoja alikuwa mtoto mchanga na mwingine yuko chekechea.

Jeni zilizokwisha kusomwa

Burtoni anaongoza. Jenomu yake, yaani DNA yake yote, ilichapishwa mwaka 2014 pamoja na za sikilidi wengine wanne, akiwemo Neolamprologus brichardi wa ziwa hili hili na sato wa Nile. Ukitaka kutengeneza vianzio vya PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwa jeni fulani, mfuatano upo.

Tropheus ana kazi za mataya zenyewe, hasa kutoka kundi la Graz, na hilo ni muhimu: una orodha ya jeni za kuanzia na huna haja ya kupapasa. Zaidi ya hapo, kundi la Walter Salzburger la Basel, Uswisi, limesoma DNA ya karibu sikilidi wote wa Tanganyika, na mwaka 2021 wenzake wakachapisha vipimo vya jeni zinazowaka kwa zaidi ya spishi 70, mfupa wa taya la kooni ukiwa mmoja wa viungo vilivyopimwa. Hazina hiyo inawahusu wote watatu, na mtu mwenye kompyuta na intaneti ya kuaminika anaweza kuitumia bila kulowa.

Mla magamba ana maandiko mengi na ugomvi mwingi. Hori alipendekeza urithi rahisi, kana kwamba kulia na kushoto ni swichi moja. Mwaka 2010 Stewart na Albertson walitaja eneo la jenomu lenye uhusiano na upande wa taya. Mwaka 2012 kundi la Axel Meyer la Konstanz, Ujerumani, likapima samaki wengi na kuona mteremko: waliopinda sana, waliopinda kidogo, na wengi karibu kunyooka. Wajapani wakajibu kwa vipimo vya mifupa kwamba makundi mawili yapo. Je, kupinda kunazaliwa, au kunakomaa kwa kuuma upande mmoja kila siku, au yote mawili? Kwa mwanafunzi mwenye moyo, ugomvi usioisha ni mgodi. Kwa mwanafunzi mwenye tarehe ya kukabidhi, ni shimo.

Kitakachokuharibia kazi

Adui wa wote watatu ni joto na mikono yako. RNA, ile nakala ambayo jeni hutoa ikiwaka na ndiyo tunayoipima, huoza haraka, na vimeng'enya vinavyoila viko kwenye jasho na vidole. Umeme ukikatika usiku na friza ikayeyuka, hakuna wa kumlaumu atakayekurudishia. Mimi nilipoteza sampuli za msimu mzima hivyo, kwenye jengo ambalo jenereta lilikuwepo lakini ufunguo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda harusini. Tangu siku hiyo natumia RNAlater kwanza, kimiminika cha kuhifadhia RNA. Humo kipande kidogo kinavumilia takriban wiki kwa nyuzi 25, siku moja tu kwa 37, na mwezi kwenye jokofu la kawaida. Siku moja kwa 37! Deli la barafu liwe ndani ya mtumbwi, lisibaki kwenye gari.

Kata taya dogo. Ukichukua kichwa kizima cha kifaranga unapima ubongo na macho, taya linamezwa humo.

Kosa mahususi la Tropheus ni kuchanganya koo, yaani ukoo wa pwani hii na wa pwani ile. Samaki hawa hawapendi kuvuka mchanga, kwa hiyo kila pwani ya mawe ina watu wake. Aina za rangi zinazojulikana zinapita 100. Ukichukua watano mawe ya kaskazini na watano kusini ya Ujiji ukawaita kundi moja, umechanganya. Pia kwenye tanki wanapigana wakiwa wachache, na ukiwalisha protini nyingi tumbo linavimba wanakufa.

Burtoni ana lake: dume anayetawala na dume aliyeshindwa hutofautiana rangi, homoni na jeni zinazowaka ubongoni, na mabadiliko huanza ndani ya muda mfupi sana. Kwa kazi ya taya tumia wachanga, ukwepe siasa zao.

Mla magamba, kosa ni la mpimaji. Samaki aliyewekwa kwenye fomalini mdomo wazi hupindika akikauka. Mpime akiwa amelala kwa mafuta ya karafuu, piga picha kutoka juu, rudia mara tatu siku tofauti bila kutazama namba za jana.

Anamfaa nani

Mla magamba anamfaa mwenye muda wa miaka, anayetaka swali kubwa kuliko cheti, na mwenye mshirika wa maabara anayeweza kusoma RNA yote ya nusu mbili za taya. Shahada ya uzamivu, au uzamili wenye msimamizi mvumilivu. Anamfaa vilevile mwalimu wa sekondari kwa njia nyingine kabisa: samaki watatu mezani, na darasa zima linaelewa uteuzi asilia ndani ya dakika 20 bila kugusa jeni.

Tropheus anamfaa aliye tayari kuingia majini na anayetaka kueleza kwa nini ziwa letu lina midomo mingi hivi. Swali lake ni la Tanganyika hasa, na lina majirani wa kulinganisha pale pale jiweni. Awe na subira ya wiki 4 kwa kila uzao, na mahali pa kufugia makundi.

Burtoni anamfaa mwenye muhula mmoja au miwili, tanki mbili tatu, na hamu ya kujifunza vipimo vyenyewe. Hutagundua maajabu mwaka wa kwanza. Utajifunza kuhesabu siku, kukata taya la milimita chache na kupata namba zinazorudiwa, na hivyo vyote utakwenda navyo kwa samaki mwingine.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Una miezi 3 na bajeti ya mwanafunzi: burtoni, jeni nne au tano zilizokwisha tajwa kwenye mataya (bmp4 na ptch1 ziwemo), hatua tatu za ukuaji, kipimo cha qPCR (PCR inayoonyesha jeni imewaka kiasi gani). Hakiki kwanza jeni yako ya rejea, ile isiyobadilika unayopimia nyingine, usiichukue aktini kwa mazoea; jeni ya rejea inayobadilika ni mzani ulioshikwa kidole.

Una mwaka, na mzamiaji unayemwamini: Tropheus na Petrochromis wa jiwe moja, vifaranga wenye kiini, na burtoni pembeni kama rula. Hapa kusoma RNA yote kuna maana, kwa sababu hujui mapema jeni gani imewatenganisha.

Unataka kuona jeni inawaka *wapi*, si kiasi gani tu: utahitaji kupaka rangi RNA ndani ya kiinitete kizima, na hiyo inakula viinitete vingi. Burtoni tena. Kwa Tropheus mwenye mayai manane utaishiwa kabla hujazoea.

Swali lako ni chakula na si ujenzi: yeyote kati ya watatu atafaa, ila gawa ndugu wa uzao mmoja kwenye makundi mawili, chakula kile kile, laini na kigumu, na pima taya la kooni pamoja na la mdomoni.

Huna maabara kabisa, una laptopu: data za Basel za spishi zaidi ya 70. Chagua walao mwani na walao samaki, uliza jeni zipi za taya la kooni zimefanana kwa wasio ndugu. Kijana mmoja wa Mwanga alianza hivyo akiwa nyumbani kwao, na mara ya kwanza aliponijia kutafuta samaki alikuwa tayari na orodha ya jeni sita. Tulikwenda mtoni Luiche asubuhi, saa nne tulikuwa tumerudi na majike wawili wa burtoni midomo imejaa.